Soksi Kwanza, Barakoa Baadaye

Kidonge cha rangi ya njano kilipasukia mlango wa friji yangu Jumanne asubuhi, shibiri moja kutoka sikioni mwangu. Nilikuwa nimeinama natafuta mayonezi. Nilipogeuka nikamwona mume wangu, Lowell, ameketi mezani, mkononi maka yake ya kurushia vidonge vya rangi, chupa ya hewa iko kando, soksi ya kufunika mtutu iko kando, na mdomo ameuacha wazi.

"Nimetoa hewa," akasema.

"Umetoa chupa!" nikamfokea. "Chupa si hewa, Lowell! Si wewe uliyetuimbia wimbo huo miaka thelathini na nne?"

Na kweli ni yeye. Hapa kwetu Pennsylvania, kwenye uwanja wa Krebs ulio msituni nyuma ya mashamba ya mahindi, hakuna aliyejifunza mchezo wa kupigana kwa rangi bila kupita mikononi mwa Lowell. Ndiye aliyetukataza kukiita kile chombo bunduki. Ni maka, anasema, yaani kitia-alama, kwa kuwa kilianza kwa watu wa misitu waliokuwa wakitia miti alama, na atakayeropoka "bunduki" atawanunulia wenzake wote chai ya barafu. Ndiye aliyewakaririsha vijana na wazee: toa vidonge, toa chupa, kisha elekeza chini ufyatue mpaka inyamaze, maana hewa hubaki tumboni mwa maka hata chupa ikishatoka. Asubuhi ile alisahau vidonge, akasahau hewa ya tumboni, na kidole kikatetemeka. Mganga hajigangi.

Kidole hicho ndicho kilichotugombanisha. Ugonjwa wa kutetemeka ulimwanza mkono wa kulia mwaka juzi. Maka yake ya zamani ilikuwa ya springi, ngumu kuvuta. Hii ni ya umeme, kifyatulio unakigusa tu, betri na bodi vinamaliza kazi. Wewe ukigusa mara moja, Lowell amegusa mara tano.

"Naiuza," nikasema.

"Verla."

"Verla nini? Lingekuwa jicho langu je?"

Alichukua kitambaa akaanza kufuta friji, na kadiri alivyofuta ndivyo mkono ulivyozidi kuisambaza ile rangi. Nikamnyang'anya kitambaa. Nilikuwa na hasira, na nilimwonea huruma, sijui kipi kilitangulia.

"Nipe Jumapili moja tu," akasema. "Ikifyatuka bila mimi kutaka, hata mara moja, nitamkabidhi Krebs mwenyewe na sitaigusa tena. Ila sitaki mwisho wangu uwe kwenye friji."

Mimi si mtu wa kubembelezwa, lakini neno lile lilinishinda. Nikakubali.

Jumatano tukaifungua maka mezani, yeye mdomo, mimi mikono. Kwanza nilielekeza mtutu kwenye ndoo nikafyatua. Ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Nikatoa betri. Nikavuta chuma cha ndani, nikafuta grisi ya zamani iliyogeuka nyeusi, nikapaka mpya kwenye ringi za mpira.

"Kidogo, mama we! Hiyo si siagi ya mkate."

"Miaka arobaini unakula mkate wangu, leo ndio unanifundisha kupaka?"

Akacheka. Nikasafisha yale macho kwa kijiti cha pamba, vile vitaa viwili vidogo vinavyotazama kama kidonge kimekaa sawa kabla ya kupigwa. Yalikuwa yameziba rangi kavu. Mwisho tukafika kwenye kifyatulio. Nilikaza skrubu hadi mvuto ukawa mrefu na mzito, na kwenye bodi tukachagua mvuto mmoja kidonge kimoja, mitetemo midogo isihesabiwe kabisa. Tukavaa barakoa zetu hapo hapo jikoni, tukairudishia betri na hewa, bila vidonge. Nikaigonga kwa kiganja mara kumi. Kimya. Akaishika yeye, kidole kikacheza juu ya kifyatulio kama mvua juu ya bati. Kimya. Akavuta kwa kutaka kwake, ikasema pah! Tukatazamana ndani ya barakoa, na nilimwona anatabasamu kwa macho.

Ikabaki soksi. Uwanjani kwetu mimi ndiye mshonaji wa soksi zote, ule mfuko mnene unaofunika mdomo wa mtutu, wenye kamba ya mpira ya kunasa nyuma ya maka. Honi ya kumaliza mchezo ikilia, kila mtu anavisha soksi kwanza, na hakuna kuvua barakoa mpaka soksi ya mwisho iwe imevishwa. Wala humvishii mwenzako. Kila mtu na soksi yake, maana anayekusaidia lazima apitishe mkono mbele ya mtutu wako. Sheria hiyo alitunga Lowell. Nilimshonea yenye mdomo mpana, na kamba yenye kitanzi kinachotosha vidole vitatu.

Jumapili joto lilikuwa la kupika mtu. Tuck Himmelberger, jitu la futi sita lenye mdomo usiolala, lilimwona Lowell kwenye foleni ya kupima mwendo wa vidonge.

"Mzee! Nimesikia umeua friji."

"Imejisalimisha yenyewe," Lowell akamjibu. "Wewe utakuwa wa pili."

Maka ikapima futi mia mbili sabini na tano kwa sekunde, chini ya kikomo. Krebs, mwenye uwanja na mwamuzi, akaitikisa, akaigonga, akamrudishia. "Iko salama," akasema, kisha akamtazama ule mkono, kisha akanitazama mimi nyuma ya wavu wa watazamaji. Nikaangalia pembeni.

Mchezo ulikuwa wa dakika kumi na tano. Sikutazama rangi wala nani ametoka. Nilikitazama kidole. Lowell alijibanza nyuma ya mapipa, na kila alipokuwa hapigi, kidole kilikaa nje, kimenyooka ubavuni mwa maka. Kilitetemeka, ndiyo, lakini nje. Kuna mahali mchezaji wa upande wake alimkatiza mbele ghafla, hatua mbili tu. Maka haikutoa hata kikohozi. Lowell alikuwa ameshaelekeza mtutu chini.

Honi ikalia, naye bado amesimama, hajapigwa.

"Soksi!" Krebs akapaza sauti.

Watu kumi na mmoja walivisha soksi kwa pumzi moja. Lowell akaitoa yake mfukoni, ikamwanguka. Akainama akaiokota, akaupapasa mdomo wa mtutu, soksi ikateleza. Akajaribu tena. Mkono ulikuwa umechoka na ulimcheza vibaya kuliko nilivyowahi kuuona. Nikainuka, nikaushika mlango wa wavu.

"Verla, hapo hapo!" Krebs akanikemea. "Huna barakoa. Na unajua sheria ni ya nani."

Nikasimama. Nilitaka kumpiga kofi.

Pale katikati ya uwanja wote wamesimama, barakoa usoni, jasho linawachuruzika shingoni, vioo vimeingia ukungu. Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili. Nilingoja mmoja agune. Nilimngoja hasa Tuck, nikawa nimeshaandaa tusi langu.

"Mzee," Tuck akasema, "usiharakishe. Mimi bado nina jasho la akiba."

"Wewe una mafuta ya akiba," akasema mwingine, nao wote wakacheka, na hakuna hata mmoja aliyegusa barakoa yake.

Lowell naye alikuwa anacheka. Akapiga goti, akaegemeza kitako cha maka kwenye paja, mtutu kauelekeza kwenye mapipa ambako hapakuwa na mtu, akaivisha soksi kutokea pembeni kama mtu anayemvisha mtoto kofia. Kisha akaingiza vidole vitatu kwenye kitanzi changu, akavuta, kikanasa. Akainua mkono juu.

"Barakoa!" Krebs akapiga kelele.

Wakavua, nyuso nyekundu, wanahema. Hakuna aliyempigia makofi, na nawashukuru kwa hilo hadi leo, maana angeona aibu. Waliondoka wakibishana nani alimpiga nani.

Kwenye meza yetu alitoa vidonge, akatoa chupa, akaelekeza chini akafyatua. Pah. Pah. Kisha kimya. Akafyatua tena kuhakikisha.

"Sema, ina hewa?" akaniambia.

"Haina kitu," nikasema, na nililia, mimi Verla nisiyelia.

Akajifuta uso.

"Nilichukua dakika ngapi?"

"Nne."

"Watu wazima kumi na mmoja," akasema. "Kwenye jua hili. Jumapili ijayo nitajitahidi zifike tatu."

Nikamshika ule mkono, nikauacha utetemeke ndani ya wangu.

"Hata kumi, Lowell," nikamwambia. "Hata kumi."