Mbuzi wa Makadirio

Ijumaa ya mwisho ya robo ya kwanza, Justa alikuwa anakula chapati na maharage mezani kwake, huku kishikwambi kikichajiwa kando ya sahani. Ofisi yao ilikuwa Kibaha, juu ya duka la magodoro, hatua chache kutoka kituo cha Kwa Mathias, na kazi yake ilikuwa kupima uchumi wa kanda umekua kiasi gani kila baada ya miezi mitatu. Honi za mabasi ya Morogoro ziliingia dirishani pamoja na vumbi lake. Vijiji vyote vilikuwa vimeshaleta takwimu isipokuwa kitongoji kimoja cha Kibuta, kule Kisarawe, ambako mdadisi wao Zubeir alipaswa kwenda na pikipiki kuuliza watu wamevuna nini na wanafuga nini.

Zubeir hakwenda. Mafuta ya pikipiki yalikuwa yametiwa kwenye gari la mkuu wa ofisi, Bwana Laurean, ambaye alikuwa na harusi ya shemeji yake Chalinze. Jambo lenyewe halikufichwa. Laurean alilisema mwenyewe, amesimama mlangoni anachokonoa meno, kisha akakitazama kijiti kuona kimetoka na nini, akakirudisha mdomoni.

"Wajaze," alimwambia Justa.

Kujaza kulikuwa kawaida ya ofisi. Pale ambapo mdadisi hakufika, walichukua takwimu za jirani anayefanana, wakaongeza kidogo kulingana na kasi ya kanda, wakaandika. Taaluma inaruhusu, na mtu akifanya kwa kiasi haumizi mtu. Justa alitafuta jirani kwenye mfumo. Wa karibu alikuwa mstaafu mmoja mwenye shamba kubwa na mifugo ya kutosha, hafanani na mtu yeyote wa kitongoji kile, lakini saa zilikuwa zimekwenda na maharage yalikuwa yanapoa. Alimchukua huyo, akawagawia watu wa kitongoji mifugo kama yake. Kila kaya ikapata mbuzi kumi na wawili. Alijifuta mafuta ya chapati vidoleni, akabonyeza kutuma.

Alasiri hiyohiyo mbuzi walifika Kibuta.

Bi Biasha, mjane aliyekuwa akiishi na mjukuu wake Yasmin, alikuwa amekaa uani anamenya mihogo. Aliwaona wakiingia kwa mstari, hawana mchungaji wala kengele. Alisogeza beseni ili wapite. Yasmin, ambaye alikuwa na miaka sita na mama yake alikufa siku ya kumzaa, aliwahesabu mpaka akachoka. Kwa majirani nako walikuwa wanaingia. Mfaume, mwenyekiti wa kitongoji, alizunguka nyumba hadi nyumba kuuliza kama kuna aliyenunua mbuzi, na alipomaliza aliinama akamnusa mmoja shingoni. Alinuka wino wa mashine ya kuchapia. Mfaume akasema basi wametoka ofisini, na watu wakaenda kukata miti ya zizi.

Zizi halikuhitajika. Mbuzi wale hawakutoroka. Hawakula majani, hawakunywa maji, hawakulia, na asubuhi hapakuwa na samadi ya kufagia. Walisimama tu. Bi Biasha aliwaona wana adabu kuliko mbuzi wengine aliowahi kufuga, akaamua mmoja achinjwe kwenye dua ya marehemu mumewe.

Aliyechinja alikuwa Maalim Isihaka wa madrasa. Alimlaza mbuzi kuelekea kibla, akapiga bismillahi, akapitisha kisu kilichonolewa vizuri. Damu haikutoka. Alisubiri, watu nao wakasubiri, sufuria ikichemka maji nyuma yao. Walipompasua walikuta ndani mna kitu cha kijivu, kibichi, kimeshikamana kama sponji la godoro ambalo mtoto amelikojolea miaka mingi. Hapakuwa na ini wala utumbo. Harufu yake iliwafanya wanawake wawili waende kutapika nyuma ya banda la kuku.

"Huyu hakuchinjika," alisema Maalim Isihaka akifuta kisu kisichokuwa na kitu. "Kisichotoka damu hakiliwi. Mzikeni mbali na kisima."

Waliwaita mbwa kwanza. Mbwa walinusa wakaondoka, na nzi hawakuja. Watu walikula wali mtupu, wakamwombea marehemu, na mbuzi waliobaki waliendelea kusimama.

Masika ya mwaka ule ilipita juu juu. Mahindi yalitoa mbelewele yakakaukia hapohapo, na mihogo ikabaki mizizi. Robo ya pili ilipofungwa, Zubeir alikuwa kwenye semina, na Kibuta ikajazwa tena: mbuzi wa robo iliyopita, ongeza kasi ya kanda. Uani kwa Bi Biasha vikafika vitoto, safi, vimesimama ubavuni mwa mama zao bila kunyonya. Taarifa iliposomwa redioni, ilisema uchumi wa kanda umekua kwa asilimia tano nukta kitu na kwamba sekta ya mifugo imefanya vizuri hasa upande wa Kisarawe. Laurean alipewa saa ya ukutani yenye maneno ya pongezi. Aliitundika juu ya mlango wa choo, ambako ndiko kulikuwa na msumari.

Mwezi wa saba lori la mahindi ya msaada lilikuja Kibuta. Lilishusha magunia vitongoji vya kulia na vya kushoto, likapita kitongoji cha akina Bi Biasha bila kupunguza mwendo. Mfaume alilifuata kwa baiskeli mpaka lilipokwama kwenye mchanga. Msimamizi wa lori alimwonyesha kioo cha kishikwambi chake: kitongoji chenu kina mifugo ya kuuza, na mwenye cha kuuza si mwenye njaa. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu muungwana, akanyoosha kidole kuelekea uani kwa watu. Mbuzi walikuwa wamejaa hadi barabarani.

Hapo ndipo Bi Biasha alipomfunga mmoja kamba akaenda naye Kibaha. Alilala Mlandizi kwa mdogo wake, na asubuhi akapanda ngazi za duka la magodoro akimvuta mbuzi, ambaye hakuwa na uzito wowote. Justa alikuwa peke yake kwenye chumba cha mbele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimemleta huyu."

Justa alimtazama mbuzi na kumtambua, maana mtu hujua kazi yake. Bi Biasha aliketi, akatoa habari yote bila kuinua sauti: mbuzi walivyofika, mmoja alivyochinjwa, lori lilivyopita. Mwisho akasema kilichomleta.

"Sijaja kugombana. Mtoto wangu anakula siku moja, ya pili hali. Nataka mseme hawa si mbuzi, ili lile lori lirudi. Basi. Mkishasema, mimi nakwenda zangu."

Justa aliinuka. Alikwenda kugonga kwa Laurean, akamweleza kwamba Kibuta alikosea jirani, na kwamba anaomba kusahihisha leo, kabla lori la pili halijapangiwa safari. Laurean alikuwa anakula sambusa zilizobaki kwenye kikao. Alitoka na moja mkononi, akamzunguka yule mbuzi, akampapasa mgongo, akamwachia alama ya mafuta.

"Mbuzi huyu hapa," alisema. "Unataka niandike hayupo?"

"Haliwi, baba," alisema Bi Biasha.

"Sisi hatuulizi kama analiwa, mama. Tunauliza kama yupo."

Alimaliza sambusa. Kisha akamweleza Justa kwa upole, kwa kuwa alimwona bado mchanga kazini, kwamba taarifa ikishasomwa imesomwa. Ukiwatoa mbuzi wa Kibuta utaulizwa wa Gwata, na ukiulizwa wa Gwata utaulizwa kuku wa Mlandizi, na mwisho wake kanda nzima itaonekana imerudi nyuma, na kanda ikirudi nyuma bajeti ya ofisi inakatwa, na bajeti ikikatwa hata hayo mafuta ya pikipiki hayatakuwepo. Kama kuna makosa, yatajirekebisha Zubeir akifika kijijini robo hii. Alimtakia Bi Biasha safari njema, akaenda kunawa.

"Robo hii inakwisha lini?" aliuliza Bi Biasha.

"Mwisho wa mwezi wa tisa."

Bi Biasha alifikiri kidogo. "Ni mbali," alisema.

Justa alimnunulia unga na maharage akambebea hadi kituoni. Aliona haya kwa jinsi mfuko ulivyokuwa mwepesi. Mbuzi alibaki ofisini, amesimama kando ya mashine ya kuchapia. Mfagiaji alizoea kumzunguka, na wageni wakawa wanamtundikia makoti.

La kuvunda halina ubani. Miezi ile yote Justa aliomba mafuta ya Zubeir, akaahidiwa, mafuta yakatoka, yakaishia kwenye jenereta la sherehe ya kumuaga mhasibu. Siku ya kufunga robo alikataa kujaza. Aliiacha nafasi ya Kibuta wazi, akavaa mkoba wake, akaondoka mapema. Laurean alikaa kwenye kiti cha Justa kingali na joto, akaichukua kila kaya, hata ya Bi Biasha, jinsi ilivyokuwa robo iliyopita, mbuzi wake na watu wake, akaongeza kasi ya kanda kwa mbuzi tu kwa kuwa watu hawaongezwi kwa desimali, akatuma.

Jumamosi iliyofuata Justa alikwenda Kibuta mwenyewe, na kishikwambi chake. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Mvua za vuli zilikuwa zimewahi kidogo na mihogo ilikuwa inachipua. Ilimbidi apite ubavuubavu kati ya mbuzi ili aufikie mlango wa Bi Biasha. Alimkuta bibi kwenye mkeka, amempakata mtoto wa kike wa miaka sita, anamsuka. Mtoto aliamkia vizuri. Alikuwa na mashavu, hakuwa na hata upele. Justa alipumua. Alisema anashukuru kumwona Yasmin ana afya.

"Huyu si Yasmin," alisema Bi Biasha akiendelea kusuka. "Yasmin tulimzika kabla robo yenu haijaisha. Kaburi lake ni lile pale, penye mnyonyo. Huyu kaja siku mliyojaza."

Justa alitazama penye mnyonyo. Udongo ulikuwa haujashikana bado. Mtoto alikaa, shingo imeinama kwa ajili ya kitana, naye alinuka wino wa mashine ya kuchapia.

"Kaja kutoka wapi?"

"Njia ileile ya mbuzi. Kaingia, kaamkia, kakaa mahali pake. Hali chochote. Nilimwita Maalim Isihaka amtazame, akasema huyu naye hana damu, lakini kumfukuza mtoto si jambo la kufundishwa na dini."

Justa alifungua kishikwambi. Alikiegemeza gotini. Alisema ataandika kweli sasa hivi, mbele yake. Mbuzi, hakuna. Watu katika kaya, mmoja. Lori litakuja, na safari hii atalisimamia yeye mwenyewe lishushe.

Bi Biasha aliweka kitana chini.

"Ukiandika hivyo, mbuzi wanaondoka?"

"Wanaondoka wote."

"Na huyu?"

Justa aliondoa kidole kwenye kioo cha kishikwambi.

"Mahindi tuliyahitaji mwezi wa saba, mwanangu," alisema Bi Biasha. "Sasa mihogo inachipua, aliyebaki atabaki. Usiandike."

"Bibi, huyu si mtoto."

"Najua nilichozika. Nilimwosha kwa mikono yangu." Alimfunika mtoto masikio kwa viganja, kama mtu anayezuia maneno ya watu wazima. "Lakini usiku ananiamkia. Nikiita, anaitika. Ninyi mlishasema mbuzi wenu wapo, nami nikafiwa kwa sababu hiyo. Basi na huyu yupo."

"Majirani je? Mfumo unapokea kitongoji kizima. Siwezi kuandika kwao nikakuacha wewe."

"Nenda kawaulize. Kwa Mfaume wamekuja watoto wawili."

Justa alikwenda. Aliuliza nyumba zote, kama mdadisi anavyotakiwa. Kwenye nyumba zisizo na wageni wa aina ile watu walimwambia awaulize wale walio nao, na wale walio nao walimkaribisha ndani, wakamwonyesha, wakamwomba asiandike. Mfaume alikuwa anawafundisha wale watoto wawili waliomjia kuhesabu kwa kutumia mbuzi. Jioni Justa alizima kishikwambi bila kugusa kitu.

Robo ya nne ilifungwa Desemba. Laurean aliulizia Kibuta, na kabla hajasema neno jingine Justa alimjibu kwamba anajaza yeye, maana kaya isiyojazwa hufutwa kwenye mfumo. Laurean alifurahi, akamwambia sasa amekomaa kikazi, akamsogezea sahani ya sambusa iliyokuwa na unyevu wa vidole vya watu. Justa alikaa. Aliandika mbuzi wa Bi Biasha na ongezeko lao. Aliandika bibi mmoja, akaandika mtoto mmoja wa kike, miaka sita, hali ya lishe nzuri. Alifanya hivyo pia kwa Mfaume, na kwa wengine wote, akihakikisha hajamsahau mtoto yeyote. Kisha alitoka akatapika nyuma ya tangi la maji, akanawa uso, akarudi kwenye kiti. Kilichofuata kwenye mfumo kilikuwa kijiji kimoja cha Gwata, ambacho nacho hakikuwa kimefikiwa.