Nacho kwa Watu Wanne

Mhudumu alipotaka kukiondoa kiti cha nne, nilikishika mguu kama anayezuia mbuzi asitoroke.

"Wacha hiyo," nilimwambia. "Nitaweka mkoba hapo."

Wakiuru na Janice walitazamana, kisha kila mmoja akazama kwenye menyu yake. Mkoba niliuketisha taratibu kwenye kile kiti, kwa sababu ndani yake mlikuwa na mwiko wa Waringa. Ukutani, juu ya kiti, ilining'inia kofia ya majani pana kama ungo. Angekuwepo, angekuwa ameshaivaa kabla hata hatujaletewa maji.

Huu ni mwaka wa pili tangu mchana ule, na hoteli yenyewe bado ipo, hapa Isiolo, kwenye barabara ya kwenda Ngaremara. Mwenyewe ni Yahye, aliyeishi Amerika miaka ishirini. Wenzake hurudi na magari, yeye akarudi na mapishi ya Wameksiko. Aliweka vitambaa vyeupe mezani na kipande cha ndimu ndani ya kila glasi, na ukitazama dirishani unaona ngamia wakivuka lami bila haraka. Janice ndiye aliyesema twende tukale huko siku ya Jumamosi. Kwa furaha niliyokuwa nayo, niliipiga pasi rinda langu mara mbili.

Maana sisi tulikuwa wanne. Mimi na Janice tulitoka Meru, Wakiuru na Waringa Nyeri, sote tukahamia Isiolo mwaka uleule kutafuta riziki. Kwa miaka kumi na tisa, kila Jumamosi, tulikula githeri nyuma ya duka la vitambaa la Wakiuru. Sufuria ilikuwa moja na mwiko mmoja, na mwiko ulikuwa wa Waringa, pamoja na sheria yake. Anayeushika ndiye anayeongea, wengine watafune. Ukimaliza maneno yako unachota, unakula, unampitishia wa kushoto. Pale ndipo nilipomwaga machozi ya ndoa yangu, na pale ndipo niliposema kwa mara ya kwanza kwamba mtoto sitapata.

Aprili ya mwaka ule ugonjwa wa sukari ulituchukulia Waringa. Baada ya mazishi dada yake aliniletea ule mwiko, akasema marehemu ameagiza nipewe mimi. Jumamosi iliyofuata hakuna aliyempigia mwenzake simu. Nyingine ikapita, na nyingine, hadi Desemba. Mimi nilikuwa nangoja kuitwa, na sasa nilikuwa nimeitwa. Nilikusudia kuuweka mwiko juu ya kile kitambaa cheupe na kuwaambia, wasichana, turudi kwa sufuria.

Janice alisoma menyu kwa Kiingereza chake cha ofisini. "Nachos ya watu wanne, tutashare. Halafu tacos."

Hapo Waringa alinijia mara mbili kwa pamoja, mara moja kwa kila neno. Alifundisha watoto wa Sunday School, na hakuwahi kuusamehe ule mstari wa asiye nacho kunyang'anywa hata kile kidogo alicho nacho. "Hiyo mstari nitamuuliza Mungu mwenyewe," alikuwa akisema. Nadhani kufikia siku ile alikuwa ameshauliza. Na hilo neno la pili, mimi na adabu zangu za kanisani, nilisikia tako tu. Sijui nini kilinipanda. Nilimgeukia mhudumu, na sauti iliyonitoka ilikuwa ya Waringa mtupu:

"Na hiyo tako ni ya ng'ombe ama ya mbuzi?"

"Hata ya kuku iko, mama," akajibu kwa heshima zake zote.

Wakiuru alicheka hadi akashikilia meza. Janice alianza kwa kuninong'oneza, "Karimi, watu wanatuangalia," kisha naye akajificha nyuma ya menyu, mabega yakimtikisika. Kwa dakika ile tulikuwa wanne tena. Niliingiza mkono mkobani, nikaushika mwiko.

Wakiuru alipangusa macho. "Afadhali umetuchekesha. Kuna kitu tulikuwa tunataka kukuambia."

Duka alikuwa analifunga mwisho wa mwezi. Kabiru, kifungua mimba wake, alikuwa amemjengea nyumba Nyeri. Janice naye alikuwa amepata uhamisho wa Nairobi.

"Tuliona tukuambie pamoja," Janice alisema, "isikuume mara mbili."

Iliniuma mara tatu. Ya tatu ilikuwa kwamba wawili hao walikuwa wameketi mahali fulani, bila mimi, wakapanga namna ya kunipasulia habari. Niliuachilia mwiko, nikautoa mkono mtupu.

"Hongereni," nilisema. "Mungu awatangulie."

Nacho zikaletwa. Zilikuwa vipande vya mahindi vilivyokaangwa, juu yake maharagwe yaliyopondwa na avokado ambayo bila shaka ilitoka kwetu Meru. Mahindi na maharagwe! Si hii ilikuwa githeri iliyosoma ng'ambo? Nilingoja mmoja wao aseme. Walisema ni tamu, wakapiga picha, wakaongea juu ya malori ya kubeba vyombo.

Walipoinuka, Janice aliniuliza kama wanifikishe nyumbani Chechelesi.

"Tangulieni," nilisema. "Namalizia."

Walinikumbatia sana, wote wawili, na najua walinipenda. Bado hupiga simu Krismasi. Niliwatazama wakiingia kwenye gari hadi vumbi lake likatulia, ndipo nikautoa mwiko. Nilikuwa na mengi ya kusema. Niliushika mpaka nikachoka, kisha nikachota maharagwe yaliyobaki, nikala, na mkono ukajinyoosha wenyewe upande wa kushoto. Ulikutana na mkoba.

Mhudumu alikuwa amesimama hapo. "Mama, bado uko na nacho, ama niondoe?"

Nilitazama sahani.

"Sina," nilimwambia. "Ondoa tu."

Alipanga sahani juu ya sahani, akakusanya uma na glasi, kisha akaunyooshea mkono mwiko.

"Hapana," nilisema. "Hiyo niachie."