Upawa wa Leonia

Mwalimu Kasmir alirudi kutoka semina ya Sumbawanga mjini akiwa na habari za ubongo. Walifundishwa kwamba jambo ukianza kulisahau, halafu ukaulizwa tena, ndipo linakaa kichwani. Tena usingizi hulihifadhi. Yeye alishika kusahau na kulala. Sehemu ya kuulizwa ilibaki semina.

Jumatatu aliandika tebo ya saba ubaoni, akaifuta, akawaambia Darasa la Nne, "Sasa sahauni. Halafu laleni."

Watoto arobaini wakalaza vichwa juu ya madawati. Leonia, mpishi wa uji, aliwaona kutoka jikoni, akaacha kukoroga. Wazazi walishasema kikaoni: darasa hili likifeli tena mbele ya mkaguzi, hawatoi mahindi wala ulezi. Uji ukikoma, Leonia angerudi Laela kulea watoto wa kaka yake, yeye aliyeachia shule darasa la tano.

Jumatano Shija, mtoto wa wafugaji, alitolewa nje.

"Saba mara sita?" mwalimu alikuwa amemtega.

"Arobaini na mbili, mwalimu."

"Mnamwona? Huyu anakumbuka makusudi."

Leonia hakuweza kubishana na mwalimu; hata shikamoo aliitoa akitazama chini. Lakini upawa ulikuwa wake. Aliandika tebo ya saba kwa mkaa nyuma ya mlango wa jiko, akaanza kuuliza foleni nzima ya uji. Asiyejibu alirudi mwisho na kikombe kitupu.

"Dada Leonia, hili ni jiko au mahakama?" mtoto mmoja aliuliza.

"Jiko. Saba mara tisa?"

Wiki tatu zikapita hivyo, ndipo mkaguzi, Mama Edith, akafika. Aliuliza tebo ya saba darasani. Watoto wakalaza vichwa. Wawili walikuwa wameshalala, kwa nidhamu.

"Wamesahau vizuri sana," alisema Mwalimu Kasmir. "Hiyo ni hatua ya kwanza."

"Ya pili ni lini?"

Shija alinyoosha mkono. "Mama, tukishika vikombe tunajua."

Wakahamia jikoni. Mama Edith akapewa upawa, akasimama mbele ya sufuria. Kila mtoto akajibu, kila mtoto akapata uji. Alipomaliza wa arobaini, ulezi ulikuwa umemfika kwenye miwani. Akaandika kwenye fomu: Darasa limefaulu. Lipimwe likiwa na vikombe.

Mwalimu Kasmir naye akaleta kikombe.

"Saba mara nane?"

"Mimi nimesahau kitaalamu, mama."

"Mwisho wa foleni, mwalimu."

Kisha Mama Edith akamgeukia mpishi. "Na wewe, binti?"

Leonia hakuwahi kuulizwa. Yeye aliuliza tu. Aliutafuta mlango kwa macho. Ulikuwa wazi, maandishi yake ya mkaa yamegeukia ukutani.

Akachukua kikombe rafuni, akasimama mbele ya sufuria yake mwenyewe.

"Hamsini na sita," alisema, akimtazama mkaguzi usoni.