Mkono wa Kushoto wa Leopoldo

Mimi ndiye niliyependekeza Leopoldo aondolewe. Naliweka hilo mbele, mtu asije akadhani nilikuwa mtetezi wake tangu mwanzo.

Kiwanda chetu cha sukari kilikuwa na timu ya besiboli, nami, Eusebio Rijo, mpima miwa kwenye mizani, nilikuwa mwandishi wake. Katika kila mechi niliandika kila mpira uliorushwa na kila uliopigwa. Shule ya jioni niliianza nikiwa na miaka arobaini na moja, na mwalimu alinizoeza kuandika hata hali ya hewa, kwa kuwa mtu hajui ni lipi litakalomfaa kesho.

Leopoldo Guerrero alikuwa mrushaji wetu wa kuanza, yaani ndiye aliyefungua mechi kwa kuwarushia mpira wapinzani, nao wakiuvizia kwa gongo. Alikuwa na miaka thelathini na sita na alitumia mkono wa kushoto, jambo linalowasumbua wapigaji wengi. Lakini msimu ule, katika mechi nane alizoanza tulipoteza tano. Wapinzani waliipiga mipira yake hadi ikawa inaokotwa mashambani.

Jumatatu kamati yetu ya watu watano ilikutana kwenye kibanda cha kunyolea cha Fabio, kinyozi aliyekuwa pia kocha wetu. Orodha ya wachezaji wa mashindano ya mkoa ilikuwa ifungwe Jumamosi, na kijana mmoja wa kiwanda cha jirani alikuwa akitaka nafasi. Amable Mejía, mpigaji wetu hodari, aliyewakilisha wachezaji, alisema mpira wa Leopoldo siku hizi unakuja polepole hivi kwamba mpigaji anaweza kumaliza kahawa yake kwanza. Tulicheka. Kisha nikasoma hesabu zangu, mechi baada ya mechi, nikamalizia kwamba aondoke. Hakuna aliyepinga hata tarakimu moja.

Wote tulijua maana yake. Mchezaji wa timu alifanya kazi karakanani, kivulini. Aliyeachwa alirudishwa kukata miwa.

Fabio alikung'uta nywele kwenye shuka. "Don Eusebio, niandikie vizuri," akasema. "Kama namwondoa mtu niliyecheza naye miaka kumi, nataka niwe na karatasi mkononi."

Jumatano, wakati wa chakula cha mchana, nikafungua kitabu changu cha mechi ili niandike. Ndipo nikaona kitu ambacho mkono wangu ulikiandika na kichwa changu hakikukisoma. Pembeni mwa mechi zote tatu alizoshinda palikuwa na neno lilelile: mvua. Haikuwa mvua ya siku ya mechi, maana Jumapili zote tatu zilikuwa kavu. Ilikuwa mvua ya katikati ya wiki, iliyogeuza uwanja bwawa. Nikajiuliza mvua ya Jumanne na Alhamisi ilimsaidiaje mtu siku ya Jumapili. Nikawaza hadi wali na maharage yakapoa. Mvua ilikuwa imezuia jambo moja tu, nalo ni mazoezi.

Alhamisi nikaenda uwanjani. Mazoezini nilikuwa siendi, kwa sababu mazoezi hayaandikwi. Nikamkuta Leopoldo amesimama kwenye kichuguu, kile kilima kidogo cha mrushaji, akiwatupia wapigaji wetu, mmoja baada ya mwingine. Timu za mkoa zilikuwa na warushaji wengi wa mkono wa kushoto, na wa kuwazoeza wapigaji wetu mipira ya namna hiyo tulikuwa na yeye tu.

"Kumi tena, mzee," Amable alikuwa akimwambia. "Ndiyo kwanza napata moto."

Akamtupia kumi, kisha kumi mingine. Nilihesabu mipira mia mbili na kumi na miwili. Vijana walipoondoka alikaa kwenye benchi, akajaribu kufungua kamba za viatu kwa mkono wa kushoto, vidole vikakataa. Akazifungua kwa wa kulia.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Wao wakipiga vizuri, tunashinda," akasema.

"Na wewe je?"

"Don, hapa mtu akisema mkono unamuuma, anapewa panga."

Karatasi ya kumpa hilo panga nilikuwa nayo mfukoni, nimeshaianza.

Jumamosi niliwaambia wanakamati kwamba hesabu zangu zilikuwa sahihi ila nilizisoma nusu. Si neno jepesi kwa mtu kama mimi, kwa hiyo nilisimama nikalisema mara moja tu. Nikawaonyesha zile mvua tatu, nikawatajia mipira mia mbili na kumi na miwili. Amable alisema kwamba tukimpumzisha, wapigaji watakosa mazoezi na tutafunga pointi chache. Alisema kweli, na wajumbe wawili wakaanza kumwitikia kwa vichwa. Fabio akamuuliza kama aliwahi kumwona Leopoldo akikataa kumtupia. Amable akatazama sakafu. Tulipopiga kura, watatu walitaka abaki, wawili aondoke. Mkono wa Amable ulikuwa miongoni mwa ile mitatu. Wiki ile ya mwisho ya maandalizi ilikuwa imeshapita, basi tukaahidiana kuanzia hapo mazoezini asirushe.

Mechi ya kwanza ya mkoa iliahirishwa kwa wiki moja, kwa hiyo mkono wake ulipumzika siku kumi kamili. Jumapili ile alirusha zamu zote tisa, na Fabio hakuinuka hata mara moja kwenda kumwomba mpira ili ampe mrushaji mwingine. Tulishindwa mbili kwa moja. Wapigaji wetu walikuwa wazito, na Amable alipunga gongo hewani mara tatu nzima.

Baada ya mechi alikuja akakaa karibu na Leopoldo, ambaye alikuwa akifungua viatu vyake kwa mkono wa kushoto.

"Mzee," akasema kwa sauti ya chini, "Alhamisi nitupie kumi tu."

Leopoldo akanielekezea kidevu. "Muulize mwenye kitabu."

Nikakifungua, nikatafuta ukurasa mtupu, nikaandika juu yake: Mazoezi.

"Tano," nikamwambia.