Mlango kwenye Trela

Mjukuu wangu alinionyesha trela ya sinema yake ya kwanza, aliyohangaika nayo miaka miwili. Muziki ukapanda, sauti nzito ikanguruma, kioo kikawa cheusi, kisha mlango ukafunguka na baba aliyepotea, anayengojwa sinema nzima, akaingia.

"Basi nimeshaiona yote," nikamwambia. "Jumamosi ikionyeshwa, nakaa zangu nyumbani."

"Bibi nawe! Trela zote ndivyo zilivyo. Nisipoonyesha, nani atakuja?"

"Mjukuu wangu, ukimngoja mtu, macho hayabanduki mlangoni. Akishaingia, kila mmoja anarudi kwenye kazi zake."

Alininunia, lakini akaikata ikaishia pale mlango unapogongwa. Tukamwita jirani aitazame.

"Eh! Nani huyo anayegonga?" jirani akauliza.

Mjukuu wangu akacheka. "Njoo Jumamosi, shangazi."