Taa Iliyozimika Juu ya Wabera

Mimi sina subira na mtu mwongo, kila mtu mtaani Wabera anajua. Ndiyo maana jioni ile tende ya kufuturu ilinishinda kumeza. Mwongo niliyemwogopa alikuwa baba yangu mzazi.

Ilikuwa Ramadhani ishirini na tisa. Mtaani kwetu wako wanaofuata Makka, lakini msikiti wetu hufuata jicho lililouona mwezi, na jicho lenyewe ni la Aabo, baba yangu, Mzee Shuriye. Aliendesha lori njia ya Moyale enzi za vumbi tupu, na utingo wake walikuwa wakiapa kwamba anaona swara gizani kabla taa hazijamfikia. Kila mwaka hupanda juu ya paa la duka la Hirbo, akatazama magharibi, na akisema "Wallahi nimeuona," Abdullahi wa kamati ya msikiti hana haja ya kumuuliza mwingine. Anampigia kadhi simu, na kesho yake watu wanakula Idi.

Sasa jicho letu hilo, mwezi wa Shaabani, liliyatolea salaam aleikum magunia ya mkaa. Yalikuwa yamepangwa nje ya duka langu la nguo, na mimi niko ndani nikamsikia Aabo akiyauliza hali ya watoto. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu kicheko kikanikauka. Nikaanza kumchunguza: chai anaimimina kwa kusikiliza, simu anaisogeza mpaka inagusa pua. Nikamwambia twende hospitali akaangaliwe macho. Akanifokea, "Yangu yana nini? Angalia yako, mpaka leo hayajaona mume!" Huyo ndiye Aabo, ukimgusa anauma.

Hakuna mwingine aliyejua. Hanad, mdogo wangu, sikumwambia kwa sababu mdomo wake hauna mlango. Nikabaki na hilo jambo peke yangu mwezi mzima, silali vizuri, nakaripia wateja. Maana kuuapia mwezi si mchezo. Akiapa kwa kitu asichokiona, watu watakula mchana wa Ramadhani kwa neno lake, na mzigo huo utakuwa wake mbele ya Mungu. Na mimi nikiinuka katikati ya wanaume kusema "Msimsikilize, haoni," nitakuwa nimemvua baba yangu nguo hadharani. Ningefanya nini, jamani?

Hanad ndiye aliyenipa njia bila kujua. Alikuja dukani mchana wa siku ile na simu yake mkononi. "Nasteha, leo kile kituo cha anga kinapita hapa juu, kile wanachokaa wale wanaanga. Mara tu baada ya Magharibi. Hata darubini huhitaji, kinang'aa kushinda nyota zote."

Nikasema moyoni, basi. Aabo akikiona hicho, macho bado yapo na mimi nitanyamaza. Asipokiona nitasema, liwe liwalo.

Tuliswali, tukapanda. Paa lilikuwa limejaa. Hirbo, mwenye duka, alikuwa akigawa maji na kumtania kila mtu, akaniuliza nimekuja kuutafuta mwezi au mchumba. Siku hiyo hata hasira za kumjibu sikuwa nazo. Aabo alisimama mbele, kofia safi, kifua mbele, ameelekea magharibi kama mtu anayesubiriwa. Kulikuwa na utandu wa mawingu kule chini. Nilitazama mpaka macho yakatoa machozi, mwezi sikuuona.

"Hicho! Hicho kinakuja!" Hanad akapiga kelele.

Kilitokea upande wa Mlima Kenya. Wallahi sijawahi kuona kitu kama kile. Taa moja nyeupe, haipepesi, haina sauti, inapanda mbinguni taratibu na wala haipumziki. Watu wakageuka wote. Mimi sikuitazama sana, nilikuwa namtazama Aabo. Nasema ya Rabbi, ya Rabbi, mwonyeshe.

Akageuka. Akainua kidole.

"Kiko juu ya mnara wa msikiti!" Hanad alikuwa akitangaza kama mpira wa redioni. "Sasa kimepita tangi la maji! Kiko utosini!"

Na kidole cha Aabo kikapita mnara, kikapita tangi, kikafika utosini. "Nakiona," akasema. "Kinaenda mwendo wa gari lisilo na mzigo." Watu wakacheka. Mimi nilishusha pumzi niliyoibana mwezi mzima. Nikashika ukuta. Nikajitukana kwa kumdhania baba yangu vibaya. Anaona! Alhamdulillahi, Aabo anaona!

Halafu ile taa ikazimika.

Haikufika mwisho wa mbingu. Iliingia kwenye kivuli cha dunia, Hanad alinieleza baadaye, lakini wakati ule hakuna aliyejua, hata Hanad mwenyewe alinyamaza. Ilififia tu juu yetu na kwisha. Paa zima likawa kimya, midomo wazi, mikono ikashuka.

Kidole cha Aabo peke yake kiliendelea. Kilishuka polepole, kwa mwendo uleule, kikielekea upande wa Merti. "Hicho kinateremka," akasema kwa furaha. "Bado nakiona."

Nilitaka paa lile lipasuke linimeze. Nikamshika mkono nikaushusha. "Aabo," nikamnong'oneza, "kimezimika. Zamani."

Nilihisi mkono wake ukiingia baridi ndani ya wangu.

Na Abdullahi, maskini, hakuwa ameelewa lolote. Alikuja na simu tayari. "Haya, Mzee wetu, tumeona maajabu ya wanadamu. Turudi kwenye letu. Mwezi je? Umeuona?"

Watu wakasogea. Nilijua kiapo kiko mdomoni kwake, nilikijua kama ninavyojua sauti yake. Nikafungua kinywa ili nimtangulie, na kinywa kikagoma. Nilikuwa nalia.

"Wallahi," Aabo akaanza.

Akasimama hapo.

"Wallahi sijauona. Wala ile taa sikuiona, nilifuata sauti ya Hanad. Na mwaka jana mwezi sikuuona. Nilimsikia Hirbo akisema ni kama unaonekana, nikaona aibu, nikaapa."

Mwezi mzima nilijiandaa kumzuia asidanganye. Hili sikujiandaa nalo. Sisi sote tulikula Idi ile kwa neno lake, mimi nilikula pilau sahani mbili. Hirbo aliweka jagi chini. Mtu mmoja nyuma akasema "Astaghfirullah," kwa hasira, na Aabo akainamisha kichwa kuipokea.

Abdullahi aliirudisha simu mfukoni. Nikadhani atamtukana, na mimi nilikuwa tayari kumrukia.

"Basi kesho tunafunga," akasema. "Na ile siku ya mwaka jana tutailipa. Mzee Shuriye, hiyo siku tutafuturu kwako."

"Karibuni," Aabo akajibu. Kisha akageuza uso pale alipodhani nimesimama, akakosea kidogo, akamnyooshea mkono Hirbo.