Kadi ya Dirisha la Mama

Cornelia alirudi nyumbani na kadi ndani ya mkoba, akaiweka mezani mbele ya bintiye.

"Kadi yako nzuri, mwanangu. Mbovu ni mimi."

Edith alikuwa na duka la kuchapa na kutoa kopi pale Majengo. Kadi ile ya hatua za kutumia kompyuta aliitengeneza kwa mapenzi: maandishi makubwa, kila hatua na mstari wake, rangi ya kijani pale pa kubonyeza, kisha akaipitisha kwenye laminesheni, ikavikwa plastiki isije ikaharibiwa na chai. Mama yake alikuwa akipokea wageni katika ofisi ya ushirika wa wakulima tangu Edith akiwa tumboni. Sasa waombaji wa mbolea waliandikishwa kwa kompyuta, na bosi, Benjamini, alishasema: asiyeiweza atahamishiwa ghalani. Cornelia hakuogopa magunia. Aliogopa kukosa watu.

Asubuhi Edith hakufungua duka. Alikwenda kuketi kando ya mama yake, akamwona akifanya ishara ya msalaba mbele ya kompyuta.

Mzee Dominiko wa Mpui akafika dirishani. Cornelia akaitazama kadi, akaandika neno la siri, ukurasa ukafunguka. Ndipo akamgeukia mgeni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu."

Mzee akavua kofia, akapiga makofi taratibu, kama wasalimianavyo kwao. Cornelia akainama, akapiga yake. Akauliza habari za nyumbani, za mgonjwa, za ulezi kama ndege wameubakiza. Mzee naye akauliza yote hayo, mpaka mbuzi. Cornelia aliporudi kwenye kompyuta, ukurasa ulikuwa umejifunga na unadai neno la siri upya. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, haukufunguka.

"Hicho kidude kimenuna," mzee akasema. "Hakikusalimiwa."

Cornelia akacheka, lakini machozi yalikuwa yanamlenga.

Edith akamsaidia mama yake kumaliza. Mzee alipoondoka, akauliza kwa upole, "Mama, mbona unaifungua kabla ya salamu?"

"Si ndivyo ulivyoandika? Kwanza, neno la siri."

"Basi salamu ungezifupisha kidogo."

"Mzee ametoka Mpui na baiskeli, Edith. Nimkatishe?"

Edith akaichukua kadi. Salamu hizo alikuwa amezisikia tangu utoto wake, akicheza kwenye sakafu ya ofisi hiyo hiyo, na hakukumbuka kuziweka kwenye kadi.

Dukani aliifungua kadi kwenye kompyuta yake, akaandika mstari mpya wa kwanza: *Salimia mpaka salamu ziishe. Kompyuta itasubiri.* Neno la siri likashuka hatua ya pili. Mashine ya laminesheni ilipokuwa ikipata moto, alifumba macho. "Bwana, mshike mkono mama yangu."

Siku iliyofuata, Edith akiwa tena kando ya mama yake, alikuja Adela, mkulima wa mpunga kutoka Mtowisa. Cornelia aliweka mikono mapajani mpaka wote wawili wakaishiwa maswali. Kisha akafuata kadi, mstari kwa mstari, na karatasi ya Adela ikatoka kwenye printa.

Benjamini, aliyekuwa amesimama nyuma, aliichukua kadi akaisoma.

"Huu mstari wa kwanza haumo kwenye maelekezo."

"Haumo, bosi," Edith akakiri.

Bosi akairudisha kadi mezani. "Nichapie nyingine ya dirisha la pili. Pale wanaandika haraka, lakini watu wanatoka wamenuna. Na ghala nitalitafutia mtu mwingine."

Edith akamgeukia mama yake ampe habari. Cornelia hakuwa akisikia. Mgeni mwingine alikuwa amefika dirishani, na mikono ya Cornelia ilikuwa tayari imeondoka kwenye kompyuta.

"Karibu, mama. Za nyumbani?"